Bakteria wang'aao: uanze na fischeri au harveyi?

Hapa Mbeya bahari iko mbali, lakini ukitaka kuwaeleza kidato cha sita jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa, bakteria wang'aao wa baharini ni mfano mtamu. Swali ni uanze na yupi.

Vibrio fischeri anaenea ubaoni kwa mistari michache. Protini yake ya LuxI hutengeneza molekuli ndogo ya ishara, inayopenya utando wa seli kuingia na kutoka. Bakteria wakiwa wachache majini, ishara inapotelea mbali. Wakibanana, mathalani ndani ya kiungo cha mwanga cha ngisi mdogo wa Hawaii, Euprymna scolopes, inarundikana, inashikana na protini nyingine, LuxR, na jeni za mwanga zinawashwa. Miongoni mwake imo ya LuxI yenyewe, kwa hiyo ishara inazidi kumwagika. Ni mkutano wa kijiji: akidi isipotimia, hakuna uamuzi.

Vibrio harveyi ana ishara tatu, na hapo ndipo darasa huanza kusinzia. Isitoshe, mantiki yake imegeuzwa. Ishara zikikosekana, vipokezi vyake hupitisha fosfeti hadi kwa protini ya LuxO, zinatengenezwa RNA ndogo, nazo huzuia LuxR, protini inayowasha jeni za mwanga, isiundwe. Ishara zikijaa, fosfeti inarudishwa nyuma, kizuizi kinaondoka, mwanga unatoka. Na LuxR hii, majina yasikuchanganye, haina undugu na ile ya fischeri.

Mimi ningeanza na fischeri. Harveyi ningemwachia kipindi cha pili, kwa wale wanaouliza maswali hadi kengele ya chakula.