Runinga kubwa Kisumu: pima dirisha kabla ya kupima ukuta

Kuanzia Agosti hadi Oktoba, mechi nyingi za Jumamosi za Ligi Kuu ya Uingereza huanza saa kumi na moja jioni kwetu. Hapo jua la Kisumu limeshainamia ziwa, na mwenye sebule inayotazama maji anajua linakopenyea. Mchezo umekolea, lakini unachokiona kwenye skrini ni pazia lako, kochi lako na wewe mwenyewe umeshika kikombe. Dukani hukuligundua hilo kwa sababu runinga zimepangwa ndani kabisa, mbali na mlango. Ndiyo maana orodha yangu haianzi na jina la kampuni. Inaanza na mwanga wa chumba, halafu mahali watu wanapokaa.

Ukubwa ni hesabu nyepesi. Pima sentimita kutoka kochi hadi runinga itakapokaa, gawa kwa 1.5, jibu ni skrini kutoka pembe hadi pembe. Mita 2.5 inakupa kama sentimita 167, yaani inchi 65. Mita 3 inakuruhusu 75. Shemeji yangu aliweka 75 mahali pa 43, na sasa watoto wake wanatazama mpira kwa kugeuza shingo kama watu wa tenisi.

Nafasi ya kwanza naipa Mini LED ya inchi 65. Nyuma ya skrini kuna taa ndogo nyingi zilizogawanywa kwa kanda, kila kanda ikiweza kufifia peke yake. Weusi unakuwa weusi, na mwanga una nguvu ya kushindana na jua la jioni. Za Hisense na TCL kwa kawaida huwa nafuu kuliko za Samsung au Sony, na kwa matumizi ya sebuleni sioni kwa nini uongeze pesa kwa ajili ya jina. Ila usidanganywe na kibandiko cha QLED. Kibandiko hicho kinasema habari za rangi tu, hakisemi lolote kuhusu taa. Kuna QLED ambazo taa zake zimepangwa ukingoni, na hizo zikipigwa na jua hufifia kama nyingine yoyote. Muulize muuzaji kanda ni ngapi. Akianza kukusifia rimoti, umeshapata jibu.

Kasoro ya Mini LED iko kando. Sebule zetu tunazijua: viti vimezunguka kuta, meza katikati, na siku ya wageni nusu ya watu wanatazama kwa upande. Mini LED nyingi hutumia paneli (kioo cha picha) ya aina ya VA, ambayo ukiwa mbele yake inapendeza, lakini ukikaa pembeni rangi zinachujuka. Ukiwa dukani, sogea kando hatua tatu uangalie nyuso za watu kwenye skrini. Zikipauka kama zimepakwa unga, basi mjomba wako naye ataziona hivyohivyo kila Krismasi. Kwa nyumba yenye wageni wengi, tafuta modeli yenye paneli ya IPS, ambayo rangi zake hazichujuki sana ukikaa kando, hata kama weusi wake ni hafifu kidogo.

Ya pili ni LED ya kawaida, isiyo na zile kanda za taa, ya 4K (picha yenye nukta nyingi kuliko HD), inchi 75, kwa mwenye chumba kirefu na mapazia mazito. Mpira unaufaidi kweli. Filamu yenye matukio ya gizani ndiyo utaiona kama uji wa wimbi, maana weusi wake si weusi. Pima na meza pia, maana miguu ya runinga hizi mara nyingi hukaa karibu na ncha zake.

OLED nimeiweka ya tatu, na najua wapenzi wake watanuna. Kwa picha tupu haina mpinzani: kila pikseli (nukta ya picha) inajiwashia na kujizimia, na hata wa pembeni anaona sawasawa. Lakini mwanga wake hauna misuli ya Mini LED, na bei yake kwa ukubwa uleule iko juu. Tena kuna nyumba ambako runinga huwashwa na habari za asubuhi na kuzimwa baada ya taarifa ya saa tatu, chaneli ileile, utepe uleule chini ya skrini. Miaka ikipita, utepe huo unaweza kuacha kivuli kisichofutika. Kama wewe ni wa filamu za usiku, chumba kimefungwa, ipandishe iwe ya kwanza.

Projekta ni ya mwenye chumba cha giza. Runinga za mitumba kutoka ng'ambo naziacha mwisho: hujui zimewaka saa ngapi, na dhamana huna.

Usilipie skrini inayobadilisha picha mara 120 kwa sekunde kwa sababu ya mpira, kwani mpira wa dishi huja kwa picha zisizozidi 50 kwa sekunde na skrini ya 60 inatosha. Lipia kama kuna PlayStation 5 nyumbani. Netflix nao wanataka intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 4K, na saa moja inaweza kula hadi gigabaiti 7, kwa hiyo bando la simu lisahau.

Kuisafirisha, kodi pikapu na katoni isimame wima. Tuktuk haitoshi, hata dereva akiapa.

Kisha kuna radi, na huku ukanda wa ziwa hatuchezi nayo. Kifaa cha kulinda umeme kinasaidia stima inaporudi kwa kishindo, ila radi ikipiga karibu hakifui dafu, chomoa plagi. Mimi nilichomoa, nikakaa nikijisifu, nikausahau waya wa dishi uliokuwa umeshikana na dekoda. Radi ikapitia huko. Dekoda iliungua pamoja na matundu mawili ya HDMI, na lile la tatu ndilo tunalogombania mpaka leo.