Kitochi cha namba kubwa: miezi saba mkononi mwa opereta mstaafu

Simu hii ndogo ya vitufe nilinunuliwa na mjukuu hapa Ngamiani, Tanga, barabara ya kumi na mbili, shilingi 38,000. Jina la kampuni silitaji kwa sababu nina la kuwasema, nami sitaki ugomvi uzeeni.

Kwanza mjue kwa nini simu naikagua kwa sikio kabla ya jicho. Niliingia chumba cha simu za mbali Tanga mwaka 1974, tungali chini ya Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki. Siku hizo ukitaka kuongea na Arusha unatupigia sisi, unaandikisha, unaweka simu chini, unasubiri uitwe. Wengine walikuwa wanakunywa chai mbili kabla hawajaitwa. Tunachomeka waya huku, tunachomeka kule, tunasema "zungumza", tunatazama saa. Dakika tatu zikitimia tunaingia katikati: "Dakika tatu, unaongeza?" Mabwana wa mkonge walikuwa wanaongeza. Mwenye msiba hakuwa na cha kuongeza. Amri ilikuwa usisikilize maneno ya watu, lakini kuhakikisha laini imeshika lazima usikie mawili matatu, na ya msiba mawili matatu yanatosha. Kuna nyumba za mji huu nilijua wamefiwa kabla wao hawajamaliza kulia.

Basi, sauti ya kitochi hiki. Ni kubwa kweli. Ukiipandisha hadi mwisho inakuwa ya bati, inakwaruza, mtu anayekupigia kutoka Pongwe utadhani yumo ndani ya debe. Ishushe hadi alama ya nne, hapo inatulia na unasikia hata mtu akivuta pumzi. Sikio langu la kulia limechoka, nadhani ni ile miaka ya hedifoni, nami kwa hilo la kushoto napata kila neno. Kwa mzee anayeambiwa na watoto wake "mbona hupokei simu", hii ataisikia akiwa uani anapepeta mchele.

Tatizo ni yule mwanamke aliyemo ndani. Kila kitufe ukibonyeza anaitaja namba, kwa Kiingereza, kwa sauti ya tangazo la stendi. Wiki ya kwanza nilifurahi. Wiki ya pili nikaenda kwa wakala kutoa elfu ishirini. Kijana akaniambia, "Shikamoo bibi, weka namba ya siri." Nikaweka. Yule mwanamke akazisoma tarakimu zote nne, moja moja, watu sita foleni nyuma yangu! Kijana akainamisha uso. Bibi mmoja akaniambia, "Dada, badilisha leo leo." Nikabadilisha jioni hiyo, nikiwa nimekizungushia kitenge mara mbili, na bado alisikika.

Tena hasemi vizuri. Tano yake na tisa yake kwa Kiingereza hazina tofauti, na hilo ni kosa la kazi. Sisi shida yetu ilikuwa sita na tisa za Kiswahili. Laini ikiwa na mvumo, sita inakuwa tisa na mtu wa Korogwe anaamshwa saa nane usiku kwa simu isiyo yake. Mimi hilo nilifundishwa kabla hata sijaiona simu. Muheza, darasa la sita, mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anatoka nje, anasimama chini ya mwembe, anatupa mgongo. Unasoma majibu yako kwa sauti kutoka darasani. Asipotofautisha sita na tisa, jibu ni kosa hata kama ni sahihi. Tulimwona ana roho mbaya. Siku ya usaili Tanga nilipewa karatasi ya namba nisomee mtu aliye chumba kingine, nikamaliza bila kurudiwa hata moja, nikaajiriwa.

Na chumba hichohicho ndicho kilichoniletea mume. Alikuwa fundi wa laini. Akishapanda nguzo huko njia ya Mombo, anabana simu yake ya majaribio kwenye waya, anapiga: "Tanga, nisikie." Nami, "Nakusikia, Mombo." Tulisikiana hivyo miezi mitano kabla hatujaonana uso, na nilipomwona nilishangaa kwamba ni mfupi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 tulikuwa tuna mtoto mmoja na barua mbili za kutuambia mwajiri wetu sasa ni shirika jipya la Tanzania. Alifariki 1998. Namba za wateja wa zamani, maduka na mashamba ya mkonge, bado ninazo kichwani. Ya mwanangu aliyeko Dodoma siijui, imo humu kwenye kitochi, nabonyeza mbili kwa muda mrefu inampigia yenyewe. Hili nawasifu.

Chaji inakaa siku nne, tano nisipofungua redio. Redio yenyewe lazima uchomeke waya wa masikioni ndipo ishike, kwa hiyo jikoni naenda nimefungwa kama niko zamu. Tochi ni nzuri, umeme ukikatika inafika hadi bandani kwa kuku. Maandishi makubwa, nasoma bila miwani. Nyuma kuna kitufe chekundu cha dharura, ukikigusa kinapiga king'ora na kuwaita watu watano. Nimekigusa mara mbili kwa bahati mbaya, mara moja kanisani. Watano wote walipiga, hilo nalo nimelipima.

Yule mwanamke wa namba, mjukuu alimzima alipokuja Pasaka, ilimchukua robo saa na kusonya kwingi. Kijitabu kilichomo kwenye boksi hakina neno la Kiswahili, na maandishi yake ni madogo kuliko ya dawa. Simu ya wazee, kijitabu cha vijana.

Nimemwagiza aninunulie cha pili, cha mdogo wangu wa Muheza. Ila amzime kwanza kabla hajakipakia kwenye basi.