Mashine ya maabara ya kuelesha madini kwa povu: ipi inunuliwe kwanza

Kuelesha kwa povu ni kutenga madini katika maji yaliyochanganywa na kemikali na unga wa mbale (mawe yenye madini): chembe za madini yanayotakiwa hushika viputo vya hewa na kupanda na povu. Maabara inayotaka kujua kama mbale za shaba, au za dhahabu iliyofungwa ndani ya salfidi (madini yenye salfa), zitatoa makinikia (madini yaliyokolezwa) ya kuridhisha, inahitaji mashine ambayo jaribio likirudiwa italeta jibu lile lile. Hicho ndicho kigezo ninachotumia kuzipanga hapa.

Ya kwanza ni mashine ya kukoroga inayopokea hewa kutoka kwenye kompresa, yenye kipima mtiririko wa hewa na mota ya kubadilisha kasi, kwa kuwa hewa na mzunguko wa pangaboi hudhibitiwa kila kimoja peke yake. Chombo cha lita 3 kinatosha kwa kazi nyingi: kilo 1 ya mbale zilizosagwa, ikichanganywa na maji humo, hufanya rojo lenye takriban asilimia 30 ya yabisi kwa uzito.

Ya pili ni ile inayovuta hewa yenyewe, mfano wa Denver D-12 iliyoenea katika maabara nyingi duniani. Ni imara na haihitaji kompresa, na mwenye fedha chache aichukue bila wasiwasi. Ila kasi ikiongezwa hewa nayo huongezeka, hata kama vali husaidia kuipunguza, hivyo chanzo cha tofauti ya matokeo hakijulikani kwa urahisi. Safu ya kuelesha, yaani mnara mrefu unaopulizwa hewa chini bila pangaboi, naiweka ya tatu, kwa sababu hudai sampuli nyingi inayoingia mfululizo. Bomba la Hallimond, kifaa kidogo cha kioo kinachotumia gramu chache tu za madini safi, linafaa kufundishia jinsi zanthati (kemikali inayofanya salfidi zishike viputo) inavyofanya kazi, lakini haliwezi kuamulia mgodi.

Hata hivyo, sehemu nzuri ya bajeti iende kwenye kinu cha kusagia, jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Fimbo za chuma cha kawaida zinazosaga ndani ya kinu huachia ayoni za chuma ndani ya rojo na kula oksijeni yake, na uso wa salfidi ukishabadilika, kemikali ile ile hufanya kazi tofauti. Kwa hiyo chagua fimbo zinazokaribiana na vyuma vya kinu cha kiwandani kinachoigwa. Usagaji wenyewe upimwe kwa chekeche, maana kuna mbale zinazodai unga laini sana: kiwanda cha shaba cha Kakula katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kilisanifiwa kusaga hadi asilimia 80 ipite mikroni 53 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita).

Hakikisha pia kuwa mota ni ya umeme wa volti 230 na hezi 50, na kwamba kuna kipima mzunguko. Kikwangua povu cha mota kina thamani kubwa kuliko kinavyoonekana, kwani mikono ya watu wawili haikwangui kwa kina kimoja.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afanye majaribio mawili kwa sampuli moja iliyogawanywa vizuri, kisha pima makinikia na marudio (mabaki yasiyopanda na povu) yote. Jumla ya metali iliyomo ikiachana mno na ile iliyopimwa katika mbale zenyewe, au majaribio hayo mawili yakitofautiana sana, usitoe malipo mpaka sababu ijulikane.