Saa ya sekunde 24 ya mazoezini: kagua rimoti kwanza

Katika mpira wa kikapu timu ina sekunde 24 za kurusha mpira kwenye ringi. Saa za kubebeka za kuhesabu muda huo wa shambulizi zinafanana kwa sura: sanduku, tarakimu nyekundu, king'ora, rimoti. Zinatofautiana kwenye vitufe, na kwa kocha anayetaka timu imiliki kasi ya mchezo, vitufe ndivyo anavyonunua.

Lazima kuwe na kitufe cha 24 na kingine cha 14. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, mpira ukigusa ringi bila kuingia na timu inayoshambulia ikaudaka tena (ribaundi), inapata sekunde 14 tu. Saa inayorudi 24 kila mara huzoeza wachezaji utulivu usiokuwepo kwenye mechi: wanarudisha mpira nje, wanapanga upya polepole, na siku ya mechi king'ora kinawakuta bado wanapasiana. Kitufe cha kusimamisha bila kufuta nacho ni cha lazima, kwa sababu mlinzi akiutoa mpira nje hesabu huendelea ilipoishia.

Kisha angalia kama namba ya kuanzia inabadilika. Ukiweka 12, timu italazimika kukimbia; dai mpira uvuke mstari wa kati ndani ya sekunde 4, nusu ya 8 zinazoruhusiwa. Kupunguza kasi ndiko kugumu. Weka 24, kataza kurusha kabla saa haijafika 10, isipokuwa leyapu ya wazi, yaani kurusha ukiwa karibu kabisa na ringi bila kuzuiwa (ukiondoa ruhusa hiyo, walinzi wataacha kulinda ringi). Tatizo litajitokeza mara moja: gadi, mchezaji anayeongoza shambulizi, anadundadunda mpira mbali mbele ya ringi hadi 10, walinzi wanapumzika, halafu shambulizi linaanza likiwa limechelewa. Dai mpira uhame upande mmoja hadi mwingine mara mbili kabla ya 10. Hapo anayechoka ni mlinzi.

Nyingi zina kasoro ya kutoonyesha sehemu za kumi za sekunde katika 5 za mwisho, kwa hiyo mchezaji haoni tofauti kati ya 1.9 na 1.0. Juani tarakimu hufifia, na betri ikipungua rimoti huchelewa kuitikia. Inua saa juu ya vichwa, nyuma ya ringi. Ikikaa sakafuni, walioko chini ya kikapu wanaiziba.

Ukiona macho yote yameganda kwenye saa, igeuze iangalie ukuta na gadi ahesabu kwa sauti. Programu ya simu haitoshi: anayeiona ni kocha peke yake. Saa yenye kitufe kimoja tu, iache dukani.