Vitamini E kwa ajili ya kolesteroli: ipi ununue, ipi uache

Ukiomba vitamini E duka la dawa, mara nyingi utapewa kapsuli ya alfa-tokoferoli. Kwa kolesteroli, hiyo tunaiweka mwisho kabisa.

Vitamini E ni familia ya viambata vinane: tokoferoli nne na tokotrienoli nne. Kwa wanyama, zilizoshusha kolesteroli ni tokotrienoli, hasa aina zinazoitwa gama na delta. Mwaka 1986 tokotrienoli ya shayiri ilionekana kuishusha kwa vifaranga; baadaye ikawa hivyo kwa nguruwe waliozaliwa na kolesteroli ya juu. Kazi hufanyika kwenye ini, kwa kupunguza kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli. Tofauti ni kwamba gama-tokotrienoli hukifanya kivunjwe haraka.

1. Tokotrienoli za bixa. Ni mbegu zilezile za rangi ya chakula zinazolimwa Kwale. Takriban 90% ni delta, zilizobaki ni gama, na tokoferoli karibu hamna. Hapo ndipo ubora wake ulipo: kwa vifaranga, mchanganyiko wenye alfa-tokoferoli 30% au zaidi ulipoteza nguvu. Kama mfuko unaruhusu, chukua hii.

2. Tokotrienoli za mawese. Gama ni nyingi, lakini alfa-tokoferoli huja nayo, mara nyingi 20 hadi 30%. Nunua tu ikiwa lebo inataja miligramu za kila aina. Usidhani mafuta ya mawese ya kupikia yatafanya kazi hiyo. Karibu nusu ya mafuta yake ni yale mazito yanayopandisha kolesteroli mbaya.

3. Za pumba za mchele. Tokoferoli ni nyingi mno ndani yake. Labda zilizotangulia zikikosekana.

4. Alfa-tokoferoli pekee. Inafaa kwa upungufu wa vitamini E, si kwa kolesteroli. Dozi kubwa ina hatari: katika jaribio kubwa la Marekani, wanaume waliomeza IU (vipimo vya kimataifa) 400 za alfa ya kiwandani kila siku walipata saratani ya tezi dume zaidi kwa 17%.

Kwenye lebo, kipimo cha IU hakikuambii lolote kuhusu tokotrienoli, kwa sababu kinahesabu alfa tu. IU 400 ni miligramu 268 za alfa asilia (d-) au 180 za kiwandani (dl-). Palipoandikwa "mchanganyiko" bila mgawanyo, rudisha kopo rafuni.

Meza pamoja na chakula chenye mafuta. Tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa hainyonywi. Usichanganye na kapsuli ya alfa.

Kwa binadamu matokeo yamepingana: majaribio mengine yaliona kushuka, mengine hayakuona chochote. Kwa hiyo usiache statini uliyoandikiwa. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) amuone daktari kwanza, kwani vitamini E nyingi huongeza hatari ya kuvuja damu. Pima kolesteroli kabla ya kuanza, kisha baada ya wiki 8 hadi 12. Namba zisiposhuka, usinunue kopo la pili.