Painti ya stauti Ayalandi: kagua glasi kwanza, bei baadaye

Wanaorudi kutoka Dublin wanalalamika kitu kimoja: walilipa karibu yuro 10 kwa painti ya stauti, yaani bia nyeusi, pale Temple Bar, mtaa wa baa wa watalii, na povu likafa kabla painti haijafika nusu. Lawama zote zinaenda kwa bia. Mara nyingi mkosaji ni glasi.

Gesi inayosukuma stauti ya bomba ni nitrojeni kwa asilimia 70 hadi 75, iliyobaki ni hewa ukaa. Viputo vyake ni vidogo mno, ndiyo maana povu linakuwa zito kama krimu. Adui yake ni mafuta: rangi ya mdomo, au maziwa ya vikombe vya kahawa vilivyopita kwenye mashine hiyo hiyo ya kuoshea. Sabuni isiyosuuzwa vizuri nayo inaliua vile vile. Ukinywa, kila funda liache pete ya povu ndani ya glasi. Pete zikikatika, au povu likitoboka katikati, irudishe bila aibu. Kwa glasi za nyumbani, lowesha ndani, nyunyiza chumvi. Pasiposhika chumvi pana mafuta.

Angalia pia glasi yenye joto, imetoka mashineni sasa hivi. Bia ya nyuzi 6 ikiigusa inafura, mhudumu anamwaga povu, na wewe unalipia mililita 568 huku umepewa pungufu. Kumimina kwenyewe si uchawi: glasi ilazwe nyuzi 45, ijae robo tatu, itulie, ndipo imaliziwe. Zile sekunde 119.5 ambazo Guinness, stauti maarufu kuliko zote, husema kumimina kunahitaji ni mbwembwe za matangazo, ila kutulia ni lazima.

Sasa chaguo. Stauti ya kwanza ni Beamish, na sifichi upendeleo wangu: chungu kidogo, ina ladha ya nafaka iliyokaangwa, na kwa kawaida bei yake iko chini ya Guinness. Lakini inywe mjini Cork, kwao. Kwingine pipa linakaa siku nyingi bila kuisha, na bia inachoka. Hapo agiza Guinness: pipa la lita 50 linatoa painti 88, na baa yenye watu inalimaliza upesi. Usitegemee ukali wa ile ya chupa ya Nairobi au Dar; hii ya bomba ni asilimia 4.2 tu. Murphy's ni ya tatu, laini, tamutamu. Wanaotaka bei ya chini kabisa waende baa za mnyororo wa Wetherspoon.

Kuhusu bei, ushuru wa painti moja ya asilimia 4.2 ni kama senti 54, uwe Temple Bar au kijijini, na VAT ni asilimia 23 kote. Yuro zinazozidi pale Temple Bar unalipia kodi ya pango na mpiga gitaa. Bei za ofa za saa chache zilipigwa marufuku mwaka 2003, kwa hiyo usizisubiri. Sheria inataka orodha ya bei ibandikwe mlangoni: isome kabla hujaagiza, na uulize kama usiku bei inapanda.