Ukitaka kutia bando kwenye anime (katuni za Kijapani) ya uchawi, uanze na ipi?

Mpwa wangu wa Makorora alimaliza bando la mwezi ndani ya wiki moja kwa ajili ya Black Clover, anime ya episodi 170. Alipofika ya thelathini akanipigia: "Mjomba, huyu kijana bado anapiga kelele tu." Kweli anapiga kelele. Asta amezaliwa bila uchawi katika nchi ambayo kila mtu anao, na mwanzoni anajibu kila kitu kwa sauti. Baadaye inachangamka, lakini hizo ni kama saa 68 za kutazama. Kwa mwenye bando la kubana, ninaiweka mwisho.

Mimi naanza kwa kuuliza: uchawi wa humo unalipiwa nini? Bibi zetu wakisimulia habari za majini, aliyepewa utajiri lazima alitoa kitu, na hapo ndipo tulipoogopa. Halafu nauliza kama hadithi imeisha.

Ya kwanza, bila ubishi, ni Fullmetal Alchemist: Brotherhood (2009 hadi 2010). Ndugu wawili, Edward na Alphonse, wanajaribu kumfufua mama yao kwa alkemia, uchawi wa kugeuza kitu kimoja kuwa kingine. Mkubwa anapoteza mguu, mdogo mwili wote, na mkono wa Edward unakwenda katika kuifunga roho ya mdogo wake ndani ya deraya. Sheria yao ni kwamba ukitaka kitu, toa chenye thamani sawa, na haivunjwi kwa urahisi hata mambo yakibana. Episodi 64, na mwisho upo. Kasoro? Za mwanzo zinakimbia kana kwamba hadithi unaijua, na utani huingia hata pale ambapo mtu angekaa kimya. Angalia usichukue ile ya 2003 yenye episodi 51. Inaanza vilevile, kisha inashika njia yake, maana wakati ule katuni ya kitabu ya Hiromu Arakawa ilikuwa haijakwisha. Si mbaya, ila siyo hii.

Ya pili ni Frieren, episodi 28 za msimu wa kwanza (2023 hadi 2024). Frieren ni mchawi, wala si wa kuruka na ungo, wa jamii inayoishi zaidi ya miaka elfu. Alisafiri miaka kumi na wenzake wakamuua mfalme wa mashetani. Kwake ile miaka ilikuwa kama kufumba jicho. Himmel, shujaa aliyesafiri naye, anakufa mzee, na kaburini ndipo Frieren anapolia kwamba hakujishughulisha kumjua. Gharama hapa ni muda, na sijaona anime nyingine iliyoishika vizuri hivyo. Lakini inakwenda taratibu, ukiwa na usingizi utalala. Nusu ya pili ina mtihani wa wachawi wenye watu wengi mno, na hadithi yenyewe haijafika mwisho.

Made in Abyss (2017) ni ya tatu. Aliyewahi kuingia Mapango ya Amboni kule Tanga na mwongozaji akazima tochi ataielewa upesi. Kuna shimo kubwa: kushuka hakuna shida, kupanda ndiko kunakoadhibu, kuanzia kichefuchefu hadi kupoteza utu kabisa. Msimu wa kwanza ni episodi 13 tu. Mzazi asidanganyike na sura za kitoto, kwani watoto wanateswa humo na mwili unaonyeshwa, na kuna utani juu yao ambao mimi sikuupenda. Filamu ya 2020 inakaa kati ya msimu wa kwanza na wa pili, ukiiruka utapotea.

Sword Art Online (2012) nunua kwa ajili ya episodi 14 za mwanzo, watu 10,000 wamefungiwa ndani ya mchezo, ukifa humo umekufa kweli. Baada ya hapo inateleza.

Kabla hujalipia programu yoyote ya kutazamia anime kwa mwezi, fungua orodha uone kama misimu yote imo. Kwa kioo cha simu ubora wa picha wa 480p unatosha, na pakua kwa bando la usiku.